Mhindi wa kwanza barazani ni wa mwaka gani: 1862, 1892 au 1909? Na Baraza letu la 1926 lilichukua mfano wapi?

Mwalimu_Rahaleo

Asalaam aleikum wana barza. Natayarisha somo la kidato cha sita kuhusu mageuzi ya mabaraza ya kutunga sheria India chini ya Waingereza, na jinsi wenyeji walivyoanza kuingizwa serikalini. Nimekwama kwenye tarehe. Katika madaftari ya wanafunzi nimekuta miaka minne tofauti ya "Wahindi kuingia serikalini": 1861, 1863, 1892 na 1909. Kila mmoja kaandika kwa uhakika, na hakuna aliyeeleza kuingia serikalini maana yake nini.

Nina masuala matatu. Kwanza, mwaka upi ni sahihi, na kwa hoja gani? Pili, hao waliotangulia kukaa barazani waliweza kufanya nini khasa? Sitaki kufundisha kuwa kiti ni sawa na madaraka. Tatu, hapa kwetu Baraza la Kutunga Sheria la 1926 liligawa viti vya wajumbe wasio rasmi (wasiokuwa watumishi wa serikali) kwa jamii: Waarabu watatu, Wahindi wawili, Mzungu mmoja. Naweza kusema mtindo huo umetoka India, au nitakuwa nafananisha vitu kwa sura tu?

Naomba majibu yenye vifungu na idadi. Maelezo ya jumla ninayo.

Mkunazini_73

Wa aleikum salaam, maalim.

Miaka yote minne ina pa kusimama. Kosa la wanafunzi wako ni kuwa hawakutaja mlango. Kulikuwa na baraza la kutunga sheria, baraza la utendaji, utumishi wa serikali pamoja na mahkama, na London kwenyewe. Kila mlango ulifunguliwa mwaka wake, na aliyeingia mmoja hakuwa ameingia mwengine. Watake waandike mlango kabla ya mwaka, na mabishano mengi yatakwisha hapo hapo.

Kwa baraza la kutunga sheria jibu ni 1862, kwa nguvu ya sheria iliyopitishwa London 1861. Lakini usianzie 1861, anzia 1853, vyenginevyo mwanafunzi hataona kilichopotea. Sheria ya 1853 ilitenga kwa mara ya kwanza kikao cha kutunga sheria na kikao cha kuendesha serikali katika baraza la Gavana Jenerali, mtawala mkuu wa Kiingereza India. Kwenye kutunga sheria waliongezwa wajumbe sita, jumla wakawa 12. Wote Waingereza. Baraza hilo likaanza kujiendesha kama bunge dogo: likiuliza serikali masuala, likitaka kuonyeshwa makaratasi, likijadili malalamiko. Wakubwa wa London hawakulipenda hilo hata kidogo.

Kisha yakaja maasi ya 1857, na 1858 Kampuni ya East India ikanyang'anywa utawala, nchi ikawa chini ya Malkia moja kwa moja. Suala lililowakera watawala lilikuwa hili: vipi watu wamechukia kiasi hichi na serikali haina habari? Sayyid Ahmad Khan, mtumishi wa mahkama za serikali hiyo hiyo, alijibu kwa maandishi kuwa sababu kubwa ni kutokuwamo hata Mhindi mmoja katika baraza linalotunga sheria, basi hakuna wa kuwaambia watawala sheria fulani itamuumiza nani. Na 1860 Bartle Frere, aliyekuwa mjumbe wa baraza la Gavana Jenerali, aliandika jambo la karibu na hilo: kwamba ni hatari kuendelea kuwatungia sheria mamilioni ya watu bila ya njia ya kujua kama zinawafaa, isipokuwa pale wanapoasi.

Jina la Frere usilipite mbio darasani. Ndiye yule aliyefika Unguja Januari 1873 kumtaka Sayyid Barghash afunge biashara ya watumwa, akakataliwa, akaondoka. Mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni mwaka huo mbele ya Balozi Kirk, baada ya kutishia kisiwa kuzingirwa kwa manowari. Mwanafunzi wa Unguja aliyekwisha kulisoma jina hilo kwenye somo la utumwa atashika haraka zaidi akilikuta tena India.

Sasa vifungu vya 1861. Gavana Jenerali alipokaa na baraza lake kutunga sheria, aliteua wajumbe wa nyongeza wasiopungua 6 na wasiozidi 12. Muda wao miaka miwili. Angalau nusu yao wawe watu wasiokuwa watumishi wa serikali wala wa jeshi. Liangalie vizuri sharti hilo: linasema "asiyekuwa mtumishi", halisemi "Mhindi". Nafasi zote zingeweza kujazwa wafanyabiashara wa Kiingereza wa Calcutta na kifungu kisivunjwe. Kuwaweka Wahindi ilikuwa nia ya sheria, haikuwa amri yake. Canning, Gavana Jenerali wa wakati ule, aliitimiza nia hiyo 1862 kwa kuteua watatu: Maharaja Narendra Singh wa Patiala, Maharaja wa Benares, na Sir Dinkar Rao aliyewahi kuwa waziri mkuu wa dola ya Gwalior. Wote watatu walikuwa upande wa Waingereza 1857. Humo hamna wakili, hamna mwandishi wa gazeti, hamna mfanyabiashara.

Ama uwezo wao, ndipo suala lako la pili lilipo. Lile baraza lililokuwa likiuliza na kudai makaratasi, 1861 lilifungwa mdomo. Liliruhusiwa kujadili mswada uliopelekwa mbele yake, basi. Hakuna kuuliza masuala, hakuna bajeti, hakuna kuleta azimio. Mswada unaogusa mapato ya serikali au deni lake, dini na ibada za watu, nidhamu ya jeshi, au mambo ya nchi za nje, mjumbe hakuweza kuuleta bila ya idhini ya Gavana Jenerali kwanza. Ukipita, yeye anaweza kuukataa. Akiukubali, London inaweza kuufuta. Na likitokea la dharura anatoa amri yake mwenyewe, yenye nguvu ya sheria kwa miezi sita, bila ya kulipitisha barazani.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kuwa sheria ya 1861 "iliwapa Wahindi sauti" kasoma nusu. Iliwapa nafasi ya kukaa katika baraza ambalo sheria hiyo hiyo ilikuwa imelipunguza. Kwa miaka 30, tangu 1862 hadi 1892, Wahindi walioteuliwa baraza kuu walikuwa 45 tu, wengi wao wakuu wa dola, wenye ardhi kubwa na watumishi wastaafu. Mfano mzuri wa kufundishia ni sheria ya 1878 ya kuyabana magazeti ya lugha za wenyeji: ilipitishwa katika kikao kimoja.

Kitu kimoja cha mikoani, nisije nikakisahau. Bombay na Madras zilikuwa zimepokonywa uwezo wa kutunga sheria 1833. Mwaka 1861 zikarudishiwa, kila moja na wajumbe wa nyongeza 4 hadi 8, nusu yao wasiwe watumishi. Bengal ikapata baraza lake 1862. Sisi tulikuwa tukihusiana zaidi na Bombay, kwa hiyo hilo la Bombay litawafaa wanafunzi wako baadaye.

bint_Wete

Naendelea pale alipoachia kaka Mkunazini, maana 1892 na 1909 ndiyo miaka inayochanganywa zaidi.

Sheria ya 1892 iliongeza wajumbe wa nyongeza wa baraza kuu wakawa 10 hadi 16. Iliruhusu mambo mawili yaliyokuwa hayamo 1861: kuizungumzia bajeti ya mwaka, na kuuliza serikali masuala. Lakini bajeti haikupigiwa kura, na mjumbe akishajibiwa haruhusiwi kuuliza suala la nyongeza. Afisa wa serikali anasoma jibu lake, mambo yamekwisha.

Ama uchaguzi, sheria yenyewe haikulitaja neno hilo. Kilichokuwepo ni vyombo kupendekeza majina: halmashauri za miji na wilaya, vyuo vikuu, jumuiya za wafanyabiashara, wenye ardhi. Jina linapelekwa, na serikali ndiyo inayoteua. Kwa baraza kuu, wajumbe wasio rasmi wa mabaraza manne ya mikoa (Madras, Bombay, Bengal na ule wa Kaskazini Magharibi) walipendekeza mmoja mmoja, na wa tano alitoka jumuiya ya wafanyabiashara ya Calcutta, ambayo ilikuwa ya Wazungu. Ukimwambia mwanafunzi "Wahindi walichaguliwa 1892" unamdanganya. Ukimwambia "hakuna kilichobadilika" unamdanganya pia, kwa sababu mapendekezo hayo kwa kawaida yalikubaliwa, na kwa njia hiyo ndipo mawakili na waalimu walipoanza kuwarithi maharaja. Pherozeshah Mehta na Gopal Krishna Gokhale waliingia hivyo.

Kosa ambalo nalikuta kila mara: Dadabhai Naoroji. Alichaguliwa mbunge wa London, jimbo la Finsbury ya Kati, mwaka huo huo 1892, na watu wanadhani ni matunda ya sheria ya 1892. Havihusiani kabisa. Naoroji alipigiwa kura na wapiga kura wa Uingereza katika uchaguzi mkuu wao, akashinda kwa tofauti ya kura chache mno zinazohesabika kwa vidole. Sheria ya 1892 inahusu mabaraza ya India. Miaka imegongana, basi.

Kosa la pili ni jina la "Baraza la India". Hilo lilikuwa London, liliundwa 1858 na wajumbe 15 wa kumshauri Waziri wa mambo ya India. Si lile la Gavana Jenerali lililokuwa Calcutta. Wahindi wa kwanza kuingia hilo la London ni 1907, K. G. Gupta na Syed Hussain Bilgrami. Mwanafunzi akiandika 1907 usimkate alama mpaka umuulize ni baraza lipi.

1909 sasa. Kwa baraza la utendaji ndiyo mwaka wenyewe: Satyendra Prasanna Sinha aliteuliwa Mjumbe wa Sheria katika baraza la utendaji la Makamo wa Mfalme (ndiye huyo huyo Gavana Jenerali). Huyu alikaa pale serikali inapoamua jambo kabla halijawa mswada. Na kwa baraza la kutunga sheria, mageuzi ya Morley, Waziri wa mambo ya India, na Minto, Makamo wa Mfalme, yalipandisha wajumbe wa nyongeza hadi 60, na kwa mara ya kwanza 27 kati yao walichaguliwa kwa utaratibu wa sheria. Masuala ya nyongeza yakaruhusiwa kwa aliyeuliza la kwanza. Maazimio yakaruhusiwa, hata juu ya bajeti. Watumishi wa serikali wakabaki wengi katika baraza kuu. Mikoani wasio rasmi wakawa wengi.

Na ndani ya sheria hiyo kuna viti ambavyo Waislamu walipiga kura peke yao kuwachagua Waislamu. Hilo liliombwa na ujumbe uliokwenda Simla tarehe 1 Oktoba 1906, ukiongozwa na Aga Khan wa tatu. Huyu naye alikuwa ameshafika Unguja mwaka 1899 kuonana na jamaa zake wa Kiismaili. Haya majina yanarudi rudi kisiwani kwetu, ni vyema wanafunzi wakayaona.

Mwalimu_Rahaleo

Ahsanteni sana. Mlango kwanza, mwaka baadaye: hilo nalichukua kama lilivyo.

Nina la kuuliza tena. Kama watumishi wa serikali walikuwa wengi kila siku, na kura zao zinajulikana kabla hazijapigwa, mwanafunzi ataniuliza: ya nini basi kukaa mle? Nimjibu kwa mfano gani ambao si maneno matupu? Na suala la tatu la 1926 bado halijaguswa.

Gulioni_Historia

Maalim, mtumie Gokhale, kwa mifano miwili, mmoja wa kushinda na mmoja wa kushindwa.

Wa kushinda: Februari 1910, muda mfupi baada ya maazimio kuruhusiwa, alileta azimio la kuzuia vibarua wa mkataba wasipelekwe Natal, Afrika Kusini. Serikali ililikubali. Sheria ikarekebishwa, na kuanzia Julai 1911 uandikishaji wa vibarua wa kwenda Natal ukasimama. Mwanafunzi aone njia ilivyopita: azimio peke yake halikuwa na nguvu ya kuilazimisha serikali. Kilichofanya kazi ni kuwa kikao ni cha wazi, maneno yanaandikwa na kuchapishwa, magazeti yanayabeba, na serikali inajua kuwa kukataa kuna gharama yake. Kabla ya 1909 njia hiyo haikuwapo.

Wa kushindwa: mwaka 1911 Gokhale alileta mswada wa elimu ya msingi, ili halmashauri zitakazotaka ziweze kuifanya ya lazima katika maeneo yao. Masharti yake yalikuwa mapole kweli kweli. Machi 1912 uliangushwa kwa kura 38 dhidi ya 13. Andika idadi hizo ubaoni na uwaache wanafunzi wazifikirie. Hata kama kila mjumbe asiyekuwa mtumishi angeunga mkono, serikali ilikuwa na watu wake wa kutosha.

Na waambie pia kwamba wale 13 hawakuwa jamii moja na wale 38 hawakuwa Waingereza watupu. Baadhi ya wenye ardhi wa Kihindi walikuwa upande wa serikali. Somo hili linaharibika pale linapofundishwa kama Wahindi upande huu na Waingereza upande ule.

Sh_Malindi

Kuhusu 1926, mimi naona jawabu ni jepesi. Baraza letu ni mtoto wa 1909. India waligawa viti kwa jamii, Zanzibar tukagawiwa viti kwa jamii. Na kila kitu chetu cha serikali wakati ule kilitoka India: rupia ilikuwa sarafu yetu rasmi mpaka 1936, adhabu zikitolewa kwa Kanuni ya Adhabu ya India, rufaa za mahkama ya ubalozi zikipelekwa Bombay. Kwa nini baraza peke yake litoke pahala pengine?

Karani_Vuga

Sheikh Malindi, kuhusu rupia na mahkama umesema kweli, ila mwisho wake siukubali. Na kwa maalim hapa ndipo pa kuwa na uangalifu, kwa sababu mtahini mjuzi atapakamata.

Kilichotoka India kwa ushahidi wa maandishi ni sheria. Amri za Mfalme wa Uingereza kuhusu Zanzibar zilitaja kwa majina sheria za India zitakazotumika hapa kwa raia walio chini ya himaya ya Kiingereza. Baadaye nyingi zikaandikwa upya kama dikrii zetu, yaani sheria zilizotolewa kwa jina la Sultani. Dikrii ya Mikataba, Sura ya 149, na Dikrii ya Ushahidi, Sura ya 5, ukiziweka kando ya sheria za India za 1872 unauona mpangilio ule ule. Na hapa kuna jambo la kumfikirisha mwanafunzi: Kanuni ya Adhabu ya India ilipitishwa 1860, yaani na lile baraza la 1853 ambalo halikuwa na Mhindi hata mmoja. Watu wa Unguja na Pemba walihukumiwa kwa miaka mingi kwa sheria ambayo hawakuulizwa wao wala hawakuulizwa Wahindi.

Baraza ni habari nyengine. Viti vya 1909 vya India vilikuwa na wapiga kura. Wachache, wenye mali na elimu, lakini wapo, na wana daftari lao. Hapa 1926 hapakuwa na mpiga kura hata mmoja. Wajumbe wote wasio rasmi waliteuliwa. Watumishi wa serikali walikuwa wengi kuliko wao, na Balozi Mkaazi wa Kiingereza ndiye aliyeongoza kikao. Kwa njia ya kuingilia, basi, Mhindi wa Zanzibar wa 1926 anafanana na Dinkar Rao wa 1862, hafanani na Gokhale. Na kumbuka India kwenyewe mwaka huo walikuwa wameshapita mageuzi ya 1919: tangu 1912 Calcutta ilikuwa si makao makuu tena, na tangu 1921 Delhi kulikuwa na bunge ambalo wengi wa wajumbe wake wamechaguliwa. Mfanyabiashara wa Kihindi wa hapa mjini aliyekuwa akisoma magazeti ya Bombay alijua vizuri kuwa ndugu yake kule anapiga kura, na yeye hapa anasubiri kuteuliwa.

Ukitaka ndugu wa karibu wa baraza letu, tazama mabaraza ya makoloni ya Afrika Mashariki. La Kenya, ilipokuwa ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki, lilianza 1907, na 1909 akateuliwa Mhindi wa kwanza, A. M. Jeevanjee. La Tanganyika lilianza 1926, mwaka mmoja na letu. Utaratibu ni ule ule: watumishi wengi, wasio rasmi wachache, wanateuliwa, na idadi yao inapangwa kwa jamii. Hata hivyo letu lina la peke yake, nalo ni Sultani. Hii ilikuwa himaya, haikuwa koloni, kwa hiyo sheria zilitoka kama dikrii kwa jina la Sayyid Khalifa bin Harub. Kabla ya hapo, tangu 1914, kulikuwa na Baraza la Himaya, Sultani akiwa mwenyekiti na Balozi Mkaazi makamo wake; lilikuwa la ushauri tu. Mwanafunzi akianza na 1926 bila ya 1914 hataelewa kwa nini watu walikuwa tayari wamezoea "mjumbe wa Wahindi" na "mjumbe wa Waarabu".

Kwa hiyo maalim, sentensi salama ni hii: fikra ya kuiona nchi kama mkusanyiko wa jamii, kila moja na msemaji wake, ilikuwa fikra ya watawala wa Kiingereza India na Afrika Mashariki pia, na India ndiko ilikofika mbali zaidi kwa kupewa daftari la kura mbalimbali. Usiandike "Zanzibar ilinakili 1909".

Kuna upande wa pili ambao usikubali upotee katika mjadala wa Wahindi. Waarabu watatu, Wahindi wawili, Mzungu mmoja: Mwafrika sifuri. Wengi wa watu wa visiwa hivi hawakuwa na hata kiti kimoja mpaka 1946, miaka 20 kamili. India 1862 angalau walioteuliwa walikuwa wenyeji wa nchi ile.

Viti viwili vya Wahindi vilipimwa nguvu yake kwenye karafuu. Mwaka 1934 zikaja dikrii za kusimamisha madeni ya wenye mashamba, kuzuia ardhi isihamie mikononi mwa wasiokuwa Waarabu wala Waafrika, na kuipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu nguvu juu ya biashara ya kusafirisha nje. Wafanyabiashara wa Kihindi walizipinga, na zikapita, kwa hesabu ile ile ya Gokhale na mswada wake. Serikali ya India ilimtuma afisa wake, K. P. S. Menon, kuja kuchunguza. Mwaka 1937 Jumuiya ikapewa ukiritimba. Hapo Wahindi waliacha kutegemea baraza, wakagomea karafuu za Zanzibar, hapa na Bombay, kwa kuungwa mkono na chama cha Congress cha India. Soko likakauka, na 1938 serikali ikakaa nao wakapatana. Kilichoshindikana kwa viti viwili kilipatikana kwa mgomo. Wala usiwafundishe hilo kwa upande mmoja: deni la mwenye shamba wa Pemba lilikuwa deni la kweli, na dikrii zile zilikusudiwa kumwokoa asipoteze mikarafuu yake.

Na mwisho wa viti vya jamii hapa kwetu usiukose. Mwaka 1954 Jumuiya ya Waarabu ilisusia baraza ikidai daftari moja la wapiga kura. Mtaalamu Walter Coutts akapendekeza daftari la pamoja, na Julai 1957 ukafanyika uchaguzi wa kwanza, viti sita tu. Vitano vilikwenda kwa Afro-Shirazi, na cha Mji Mkongwe kilikwenda kwa mgombea wa jumuiya ya Waislamu wa Kihindi. Bora umwonyeshe mwanafunzi kwamba katika daftari la pamoja Mhindi alipata kiti kwa kura.

Ikiwa unataka wanafunzi waone karatasi zenyewe, Nyaraka za Taifa ziko Kilimani. Waanze na Gazeti Rasmi la serikali, wapate tarehe na maandishi kamili ya dikrii. Baada ya hapo taarifa za vikao vya baraza, halafu ndipo mafaili ya Sekretarieti, ambayo alama yake ni AB. Wakianza na mafaili bila ya tarehe watapotea. Wakishapata tarehe, watafute gazeti la wiki ile: Samachar kwa upande wa Wahindi, Al-Falaq kwa upande wa Waarabu. Na wakihesabu wajumbe, wawe macho, mtu akiteuliwa upya jina lake linatangazwa tena, wasimhesabu wawili. Jengo la Victoria, Vuga, ndimo baraza lilimokuwa likikutana tangu 1926 hadi 1964. Kutoka Rahaleo mnaweza kwenda kwa miguu, wakalione.

Sh_Malindi

Nimekubali, Karani. Hoja ya daftari la kura sikuwa nimeipima.

bint_Wete

Maalim, limebaki daftari la mwanafunzi wa 1863, asije akaonewa. Mwaka huo Satyendranath Tagore alifaulu London mtihani wa utumishi wa juu wa serikali ya India, Mhindi wa kwanza kufaulu, akaanza kazi 1864. Na 1863 hiyo hiyo Sambhunath Pandit akawa jaji wa kwanza wa Kihindi wa Mahkama Kuu ya Calcutta. Kwa hiyo akitaja utumishi au mahkama na jina mojawapo, mpe alama zote. Akiandika 1863 na "baraza la kutunga sheria", kakosea kwa mwaka mmoja na kwa mlango, mrudishie akarekebishe.

Wa 1861 mpe nusu: huo ni mwaka wa sheria, wajumbe walikaa 1862.